Sefu ya Bastola ya Salim

Jumatatu, 7 Julai
Chai, dawa, kisha kumtafutia mume wangu Salim koti. Ataka kwenda dukani. Alikuwa sonara, duka tulilifunga, huu mwaka wa pili. Nimemzungusha mpaka karibu na Ngome ya Yesu, tukarudi. Ameridhika.

Bastola yake ya leseni, iliyokuwa ya kulindia dhahabu, hukaa sandukuni chini ya kitanda. Leo nimeikuta juu ya mto wangu. Risasi zimo.

Jumanne, 8 Julai
Rukia, binti yetu, amekuja kutoka Kizingo. Asema tuipeleke kituoni leo leo. Nimekataa. Babake amepoteza duka, marafiki, majina ya wanawe. Nimnyang'anye na hii? Nitanunua sefu, niifungie humo.

Jumatano, 9 Julai
Maduka mawili. La kwanza, vibati vyembamba vya rangi nzuri. Muuzaji mwenyewe amekibandua kimoja kwa bisibisi. La pili, za kufungua kwa kidole. Kidole cha nani? Mwenye leseni ni Salim, na Salim ndiye nimfichiaye. Za ufunguo hazifai, hupekua kila mfuko. Nimechukua ya namba. Chuma kinene, bawaba kwa ndani, matundu manne ya kukazia.

"Usipoikaza, mama, mwizi ataibeba na vilivyomo," amesema muuzaji.

Nimechoka. Wezi siwafikirii hata kidogo.

Alhamisi, 10 Julai
Fundi ametoboa ukuta wa chumbani, umemwagika kama unga. Chokaa ya zamani. Hatimaye tumeikaza chini, kwenye sakafu ya saruji, kando ya ngazi. Salim amesimama juu akitazama.

"Mwavunja nyumba ya watu," amemwambia fundi. Nyumba ni ya babake.

Bastola nimeifungia humo, namba nimeweka tarehe ya harusi yetu. Mwezi huu ameniuliza mara tatu mume wangu ni nani. Nimeona hakuna namba iliyo salama zaidi.

Jumamosi, 12 Julai
Nimerudi kutoka sokoni, sefu iko wazi. Salim ameketi kwenye ngazi, bastola mkononi, imenielekea.

"Toka! Mke wangu arudi sasa hivi."

Samaki wavuja maji miguuni.

"Mimi jirani, bwana. Mkeo amenituma nichukue hiyo ikatiwe mafuta."

"Zuhura amekutuma?"

"Ndiye."

Ameigeuza, akanipa kwa mpini, kwa adabu. "Mwambie asikawie."

Risasi zilikuwamo. Sikuzitenga. Nilidhani chuma chatosha. Ujinga wangu.

Tarehe aijua. Mimi hanijui. Nimelia jikoni, bomba nimelifungulia asisikie.

Jumapili, 13 Julai
Kituoni na Rukia. Bastola, risasi, leseni. Afisa ameandika, ametupa karatasi. Ameniuliza kwa upole mbona tulingoja. Nimeikunja ile karatasi. Nilidhani nikiikabidhi nitapata nafuu. Sikupata.

Ijumaa, 18 Julai
Hajaiulizia bastola. Hata mara moja. Wiki nzima nimejitayarishia jibu, nimelipanga neno kwa neno, na hakuna aliyelitaka.

Amekula nusu ya mkate wa mayai, akanishukuru kama mgeni amshukuruvyo mwenye nyumba. Mvua kidogo baada ya alasiri. Nimefunga madirisha ya upande wa barabara. Amelala kitini, nimemvua viatu.