Zahanati Tuliyowanyima Akina Felista

Mjukuu wangu Neema,

Kamwene. Huku Iringa tu wazima, na baba yako mdogo amemaliza kuvuna viazi. Wewe umechaguliwa kuingia kamati ya mipango huko Uyole, ndipo ukaniuliza kwa nini mimi siinui mkono mikutanoni.

Niliinua zamani, nikiwa nimeolewa karibuni. Vigango vitatu vya parokia yetu vilikubaliana kujenga zahanati katikati, kwa akina Felista, rafiki yangu wa kwaya. Kigango chao kilikuwa kidogo, lakini walishasomba mawe na kuchimba msingi. Siku ya kupitisha mpango, mwenyekiti wetu akadai kura. Sisi ndio tuliojaa ukumbini. Zahanati ikaja kwetu.

"Hata wewe, dada?" Felista akaniuliza.

"Wengi wameamua," nikamjibu.

Masika yaliyofuata Felista alishikwa uchungu wa kuzaa, akafia njiani wakimleta kwetu. Mengine sitaandika.

Msibani mama yake alinipa kiti, akanishukuru kwa kuja. Mpaka leo hakuna aliyenilaumu, maana kura ilikuwa halali. Ukiona wachache wamenyamaza, Neema, usifunge kikao haraka.

Bibi yako,
Mama Yustina