Swichi Nyekundu Chini ya Kitanda

Jumatatu, 7 Oktoba
Mikumi. Tumekabidhiwa tela, lile la kambi wanalokodi watalii. Kitanda, jiko la gesi, friji ndogo. Friji ndiyo niliyoitaka! Bi. Mwanakheri, bosi wetu wa Morogoro, anadhani ni ya nyanya na maziwa. Acha adhani hivyo. Insulini yangu, chupa tatu, nimezificha nyuma ya kopo la siagi. Kwenye fomu ya kazi waliuliza: una ugonjwa wa kudumu? Nikaandika hapana. Wiki tatu za kuzunguka vijijini kuhesabu visima — nani angempa mwenye kisukari? Ningebaki ofisini nikipanga mafaili mpaka mkataba uishe. Na mkataba wenyewe unaisha Desemba.

Paneli ya sola juu ya paa imepasuka. Mwenye tela anasema nisihofu, betri mbili zimejaa. Kimita cha betri kinasoma volti 12.8. Kondo, fundi wa pale, akanivuta pembeni. Kuna waya mnene unatoka kwenye gari mpaka kwenye tela. Gari likizimwa na redio ikaachwa inaimba, linaweza kunyonya betri zako, akasema. Akanionyesha swichi nyekundu kwenye sanduku la betri, chini ya kitanda: hii inakata waya. Alikuwa bado anaeleza, dereva akapiga honi.

Dereva ni Mzee Oswald. Hamsini na kitu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba binti, sikio liko kwenye mpira. Redio kubwa kuliko ya baa! Huyu wa kumwangalia.

Ufunguo wa tela ni mmoja. Ninao mimi.

Jumanne, 8 Oktoba
Kijiji cha Ulaya, hapahapa Kilosa. Tumelala uwanja wa shule. Visima vinne, viwili vimekufa.

Mchana nilirudi ghafla kuchukua fomu. Gari limezimwa, Mzee kalala kiti cha mbele, redio inaimba taarabu. Nikaingia ndani, nikazima ile swichi nyekundu. Sasa anyonye upepo! Friji inaendelea kunguruma, haikuguswa. Kimita 12.6. Nimefurahi jinsi nilivyomuwahi.

Jumatano, 9 Oktoba
Tumepita Kilosa kuweka dizeli, tukaenda Chanzuru. Saa tatu nzima barabarani, vumbi mpaka kwenye meno. Kufika, naangalia: 12.3. Imeshuka! Gari lilikuwa linatembea, swichi imezimwa, nani kanyonya?

Nikamuuliza Mzee, kwa njia ya mbali, ule waya kazi yake nini. Akacheka. Eti gari likitembea ndilo linalochaji tela, tukienda mbali ndipo betri zinajaa. Macho makavu kabisa! Betri zimeshuka mbele ya macho yangu halafu ananiambia zinajaa. Akaniomba ufunguo aingie akague. Nikasema nimefua, nguo za ndani zimetapakaa. Akaona aibu, akaacha.

Ana kingine. Jioni watu watatu walimletea simu zao kuchaji. Anawasha gari kidogo, anachomeka, wanapiga soga. Dereva wa mradi au kibanda cha kuchajia?

Alhamisi, 10 Oktoba
12.0. Nimepunguza ubaridi wa friji. Feni sijawasha, nimelala kwa jasho. Taa natumia ya simu.

Mzee ameniuliza kama nimekula. Mara ya tatu leo. Saa nne, saa saba, saa kumi — binti umekula? Inamhusu nini? Asubuhi nilimkuta anatazama ndoo yangu ya takataka. Sindano huwa nazifunga kwenye pakiti ya maziwa, lakini je, kama aliifungua?

Ijumaa, 11 Oktoba
Kimamba. Tumepiga kambi ukingoni mwa shamba la zamani la mkonge, mbali na nyaya za umeme.

11.8! Kondo alisema ikishuka chini ya hapo friji itajizima yenyewe.

Mzee alikodi baiskeli akaenda mjini, akarudi na kitu kimefungwa kwenye gunia, kimelowa. Aliponiona akakisukuma chini ya kiti. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Tutaongea, binti, ukiwa umetulia." Nitulie! Mtu anakumalizia umeme, anachungulia takataka zako, halafu anakuambia utulie.

Dukani kuna friji ya soda. Ningeweza kumwomba mama muuza aniwekee chupa zangu. Lakini Joyce, karani wetu, ni wa hapahapa Kimamba, na shangazi zake wamejaa soko zima. Kesho habari ingekuwa Morogoro.

Nimempigia Bi. Mwanakheri. Nikasema dereva anatumia umeme wa tela kuchaji simu za watu, betri zinakufa, kazi inaharibika. Aliniuliza una uhakika? Nikasema nimeona kwa macho yangu. Akasema atamleta dereva mwingine, Kelvin, Jumapili. Mzee Oswald aende nyumbani, wataongea naye baadaye.

Nimejisikia mwepesi. Kidogo.

Jumamosi, 12 Oktoba
Friji imezima saa mbili asubuhi. Nimefunga chupa kwenye kanga mbichi. Joto ndani ya tela kama tanuri la mkate.

Mzee amepigiwa simu. Hakuja kunigombeza. Amekunja hema lake taratibu, amelifuta vumbi, amelipanga. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kama kawaida. Bora angetukana.

Jumapili, 13 Oktoba
Kelvin amefika saa nne kwa bodaboda. Kijana, maneno mengi, miwani ya jua. Salamu tu, kisha akataka kuona betri. Kwa huyu sikuwa na kisingizio. Nikafungua.

Aliinama chini ya kitanda, akainuka na kucheka. "Dada, nani kaizima hii? Waya umekatwa hapa! Mngezunguka mpaka Dodoma, betri zisipate hata punje."

Akaiwasha. Akaenda kuwasha gari. Kimita kikaruka: 12.9. 13.4. 13.8. Friji ikaanza kunguruma.

Nilikaa kitandani. Wiki nzima! Kila safari tuliyokwenda, gari lilikuwa linaleta umeme na mimi nimeufungia mlango. Kondo alikuwa anamalizia kunieleza hilo. Mzee alinieleza kabisa, kwa Kiswahili.

Nilipotoka, Mzee Oswald alikuwa kasimama na begi lake. Alimsikia Kelvin, lazima alimsikia. Alilitoa lile gunia chini ya kiti, akafungua: chungu kidogo ndani ya kingine, mchanga mbichi katikati, kitambaa juu. Akasema polepole, Kelvin asisikie, "Weka dawa zako humu, friji ikizingua. Mama yangu kule Kisanga alikuwa na sukari, alizitunza hivi miaka tisa. Nilitaka kukupa juzi, nikaona una hasira." Kisha akauliza kama nimekula.

Amejua tangu Alhamisi. Hajamwambia mtu yeyote. Naona haya mpaka mifupani.

Nimejifungia ndani ya tela. Kelvin anagonga. Bi. Mwanakheri yuko hewani, anasema, anataka kusikia kwangu mimi nani alizima swichi, aandike kwenye barua ya nidhamu anayomwandikia Mzee leo hii. Nimemjibu mtandao unakata. Mtandao haukati, Kelvin anamsikia vizuri tu. Nikisema nilizima mimi, atauliza nilikuwa nalinda nini humu ndani.

Bodaboda imewashwa. Mzee anafunga begi nyuma kwa mpira.

Kelvin anagonga tena. Anamwambia bosi, "Subiri mama, itakuwa ni huyu mzee tu," na mimi bado naandika.