Mikebuka na kidonge cha kaka yako

Kalemie, Jumamosi, siku ya Posho

Wifi yangu Farida,

Pole na baridi ya Moba. Huku samaki wa mikebuka wamejaa sokoni, na njo hiyo imeniletea maneno na kaka yako.

Vidonge vyake vya kutetemeka vilikuwa vinamusaidia, lakini mwezi uliopita miguu ilianza kumugomea kila muchana. Sikukuambia kwamba alimupa jirani koti lake la Idi, akisema hatalivaa tena.

Mama Falone, muuguzi wetu, aliniuliza anameza na nini. Nikasema na samaki, kama kila muntu. Akacheka. "Samaki anazibia kidonge njia. Ameze kwa saa yake, angoje nusu saa, kisha ale."

Kaka yako aliitika vizuri sana. Juzi, alipokuwa anangoja, nikatoka kuanika nguo. Kurudi, namukuta amekwama kwenye mulango wa jiko, samaki mukononi, mafuta yanashuka mpaka kwenye kiwiko.

Nikamuuliza, "Papa, unafanya nini?"

"Nachunga mulango."

Nikaweka muguu wangu mbele yake, kama Mama Falone alivyonifundisha kwa wakati miguu inagoma, nikamwambia auruke. Akauruka, akatembea mpaka kwenye kiti bila kumuachilia samaki.

Jana alimeza, akangoja akiangalia saa kama adui, ndipo akala. Halafu akaenda musikitini kwa miguu yake. Nilimufuata nyuma na kitunga, kama naenda sokoni.

Akageuka, akaniambia, "Mouna, soko liko upande ule."

Nikaenda sokoni.

Wifi yako anayekukumbuka,
Mouna