Mkwe Wangu Muuza Mayai na Keki Yangu Isiyo na Yai

Kwako Bi Johari,

Ama baada ya salamu, nakuomba unishike mkono kabla sijazama, na kinachonizamisha, tafadhali usicheke, ni mayai. Mimi ni kijana wa Junda, mpishi wa keki na vitamutamu katika hoteli moja ya watalii, ila keki zangu si hizi unazozijua wewe, maana miaka hii wamezuka wageni, wengi wao Wajerumani, ambao hawali chochote kilichotoka kwa mnyama, si nyama tu, hata yai na maziwa na siagi na asali wanasukuma kando, basi mpishi mkuu akanitoa kwenye kuosha masufuria akanifundisha kuwapikia hao tu, nami nikaingia kazi hiyo kwa moyo wangu wote, mahali pa maziwa natia tui zito la nazi, mahali pa mayai naponda ndizi mbivu, korosho nazisaga mpaka zinakuwa kama malai, natia iliki, siki kidogo na baking poda, na wallahi Bi Johari inaumuka, yuko bibi mmoja mtu mzima alilia pale mezani kwa kuwa tangu aache mayai alikuwa hajaonja keki.

Kazi naipenda, taabu ni kwamba nimempenda pia Barke, na Barke ni kitinda mimba wa Mzee Sheikhan, na Mzee Sheikhan, kama umefika sokoni Kongowea utakuwa umemwona, ndiye yule muuza mayai kwa jumla, malori ya bara yanamshushia yeye kwanza kabla ya mtu mwingine. Barke nilimweleza kazi yangu ilivyo tangu mwanzo, akacheka mpaka akakaa chini, akaniambia, "Baba mwambie mwenyewe," nikamwambia nitamwambia, na mpaka leo ninavyoandika sijamwambia.

Si kwamba sikujaribu. Siku ya kwanza kukaribishwa kwao tuliandaliwa biriani, na juu yake mayai ya kuchemsha, mzee akaliondoa yai la upande wake akanisogezea mimi, akasema, "Kula weye, mwanangu, mie nikila yai najikuna mpaka alfajiri, langu ni kuyauza tu," nikaona kumbe nimeshapendwa, kisha akaniuliza, "Nasikia wapika keki, keki moja yala mayai mangapi?" Nikafungua kinywa nimweleze, lakini nyuma yake trei zimepangwa mpaka dirishani, ikanitoka tu, "Mengi, baba." Basi kuanzia wiki ile kila Ijumaa mkokoteni unasimama mlangoni kwangu na trei ya mayai, zawadi ya mzee, eti nisinunue kwa watu.

Mwezi wa Ramadhani, posa yangu imeshakubaliwa, nikapeleka futari kwa wakwe kama ilivyo ada, na keki yangu ya nazi juu, mzee akala kipande, akaongeza, akafuta midomo akaniuliza, "Keki hii imesimama kwa mayai yangu, sivyo?" Nikajibu, "Naam, baba." Akaomba kipande kingine, na Barke aliyekuwa akileta vikombe vya kahawa akageukia ukuta, mabega yanamtikisika, nikajua analia kwa ajili ya uongo wangu, na usiku ule sikulala.

Mayai yenyewe nayapeleka wapi, hotelini nikionekana na hata ganda moja katika jiko langu nafukuzwa, basi nikawa nampa jirani yangu Selpher, mama wa kutoka bara mwenye watoto, mwanzo alikuwa akiniombea baraka, siku hizi akisikia mkokoteni anafunga mlango, ananiambia kupitia dirishani, "Shemeji, hawa watoto wamechoka, juzi Mutua ameona yai akalia." Akaamua kuyapeleka sokoni, na Kongowea yote ilivyo kubwa, akaenda kuyauza kwa Mzee Sheikhan mwenyewe, nimejuaje, Ijumaa iliyofuata mkokoteni umeniletea trei ile ile niliyompa Selpher, yenye doa la wino wa buluu pembeni.

Sasa harusi ni mwezi ujao, na mzee ametoa amri kwamba keki ya harusi niipike mimi, uani kwake, mbele ya macho yake, kwa mayai yake, na wafanyabiashara wenzake wa sokoni wamealikwa waje watazame, na mzee huyu Barke aliwahi kuniambia kwamba harusi za dada zake zote alikaa na kikombe cha kahawa tu, keki hata hakuigusa, kwa hiyo naona shughuli hii yote ni kunionyesha mimi kwa watu. Na hapa ndipo aibu yangu ilipo Bi Johari, keki ya mayai siijui kuipika, sikufundishwa, nilijaribu kwa siri chumbani, sufuria makaa juu makaa chini, ikafura upande mmoja, katikati uji, na harufu imekaa kwenye chandarua mpaka leo. Nimefikiri nijifunge bendeji niseme nimeungua mkono, nimefikiri nivunje mayai mbele yao kisha nibadilishe bakuli nyuma ya pazia, nimefikiri nimwachie Barke apate mume anayejua yai, lakini nikifika hapo moyo unakataa, kwa maana Barke nikimkosa sijui nitaishi vipi. Nifanye nini? Jina langu nakuomba ulifiche.

Ni mimi,
Mpika Keki, Junda

BI JOHARI ANAJIBU

Mpika Keki, jina lako nimelificha, na ya wenzako nimeyabadilisha pia, kwa kuwa wewe uliniomba nisitiri lako tu, yao ukayaanika yote pamoja na soko.

Pole, mwanangu. Kijana anayeitunza kazi yake hivi na kumpenda msichana hivi simchukii. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili chai ilinipalia. Hivi unapoandika huwa husomi ulichoandika?

Umeniambia kwa mkono wako kwamba Mzee Sheikhan akila yai hujikuna mpaka alfajiri. Kisha umeniambia alikula keki yako, akaongeza, akaomba tena. Ulimwona akijikuna? Mtu mwenye maradhi hayo hatii keki ya mtu kinywani kabla hajauliza kilichomo. Na nyumba ile nani alijua kilichomo? Barke, uliyemweleza mwenyewe tangu siku ya kwanza. Ungetaka niamini kwamba binti alimwona baba yake anakula kinachomdhuru, akageukia ukuta na vikombe vyake? Hakuwa akilia, mwanangu. Alikuwa akicheka, maskini, huku akijizuia asimwage kahawa.

Na trei yenye doa la wino, je? Muuza mayai wa jumla hajui trei zake? Alizinunua kwa Selpher, akakurudishia wewe zile zile, akangoja. Ukazipokea ukamwombea heri. Mzee anajua, Barke anajua, nadhani na msukuma mkokoteni anajua. Umebaki wewe peke yako gizani na chandarua chako kinachonuka.

Unaogopa kwamba utamkosa Barke kwa sababu ya yai. Mimi nakuambia utamkosa kwa hiyo "naam, baba" yako. Muda wote huu mzee anakuuliza swali lile lile kwa namna tofauti, apate kujua kama anayemkabidhi mwanawe ana neno lake mwenyewe kinywani. Kesho mke wako akiwa mgonjwa, ukiulizwa umempeleka hospitali, utajibu linalompendeza muulizaji? Ningekuwa mimi ndiye mamake Barke ningeshakutimua zamani, na trei yako ningekuwekea kichwani. Mshukuru Mungu kwamba baba yake ana subira na anapenda mzaha.

Hadithi za bendeji na pazia zitupe leo. Oka keki yako ya nazi, uende nayo ikiwa bado moto, wala usimtume mtu. Mkono wa pili chukua trei ya Ijumaa hii, umrudishie mwenyewe. Toa shikamoo, kisha umwambie, "Baba, keki yangu haina yai, haijapata kuwa na yai, na keki ya mayai siijui kuipika." Ukishasema hayo nyamaza, Wajerumani waache huko huko hotelini. Akikucheka, cheka naye. Akikukaripia, kaa chini ukaripiwe, hiyo ni haki yake na umeichelewesha.

Mayai ya harusi mwombe yatiwe kwenye biriani, kila sinia, na wageni waambiwe yametoka kwa nani, apate heshima yake mbele ya watu wa Kongowea. Na Selpher mwombe radhi, watoto wake wapelekee maandazi.

Keki ipike wewe, ile ile ya nazi, uani kwake, kama alivyoamuru; hilo la mayai yake lilikuwa swali lile lile tena. Umeniandikia kwamba anataka kukuonyesha kwa watu. Labda. Lakini hilo la kikombe cha kahawa ulilipita mbio, na mimi lilinisimamisha. Mzee amewaoza mabinti zake wakubwa wote, kila harusi watu wanakula keki na yeye anawatazama. Huyu wa mwisho kamletea mume ambaye keki yake anaweza kuila, na harusini anataka kula na watu. Nenda kamwambie, mwanangu, ameshangoja vya kutosha.