Ufunguo wa Husnah

Mengo, Kampala

Mdogo wangu Abdu,

Huku ni mvua tu, na mkaa umepanda bei. Goti langu limepata nafuu.

Mwanao Hamim alipita jana. Aliomba maji, kisha akaanza kuchungulia vyumba. "Shangazi, Husnah umemficha wapi?" Nikamwambia anywe maji yake.

Acha nikueleze wewe. Binti yako yuko katika nyumba ya vijana wasio salama kwao. Si jela. Kuna mama mlezi, wanapika kwa zamu, na kila kijana ana ufunguo wa chumba chake. Husnah alipopewa wake, alijifungia akalala mpaka adhuhuri. Alilala kifudifudi, Abdu, kwa sababu ya mkanda wako.

Mpe Hamim aniletee ile kawa ya kufunikia chakula ambayo Husnah aliacha akiisuka, anaiulizia.

Ukija mwenyewe, nitakupikia na utalala kwangu, lakini mahali alipo sitakuambia. Nyumba ile haimfungulii mgeni ambaye kijana hakumwita, hata akiwa baba. Ngoja akuite.

Ni mimi dada yako, niliyekulea bila mkanda,

Kaltumi