Mzinga Usio na Nyuki

Mabogini, Moshi
Alhamisi, 13 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Godlove,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo huko Kaliua? Na ile homa ya mkeo Dafroza imeisha? Huku sote wazima, isipokuwa macho ya baba. La kulia halioni kabisa, la kushoto linaona ukungu tu. Hospitali wametupangia upasuaji wa mtoto wa jicho Jumatatu ya tarehe 24, na baada ya kubembelezwa mwezi mzima baba amekubali.

Mpunga umeanza kuchanua. Msimu uliopita panya walitumaliza, na sumu tuliyotega ikaua bata wa jirani yangu Evaline. Safari hii kikundi chetu cha wakulima kimetundika masanduku ya mbao mitini ili bundi wazalie humo na kula panya. Moja liko kwenye mkuyu nyuma ya nyumba yangu. Bundi wameingia, wana makinda matatu, na panya wamepungua kweli.

Sasa tatizo. Unamjua baba na bundi, tangu yule aliyelia juu ya paa wiki aliyofariki mama. Aliposikia nyundo akauliza tunatundika nini. Nikamwambia mzinga. Usinicheke. Nilijua nikisema ukweli atarudi mlimani siku hiyo hiyo, akae peke yake kihambani, kwenye lile shamba letu la migomba, na macho yale.

Nilisahau kwamba namdanganya mtu aliyerina asali tangu ujana wake. Kila asubuhi ananiuliza kama nyuki wameingia, namjibu wameingia. Akisikia sauti usiku, nasema ni paka wa Evaline. Leo ametangaza kwamba keshokutwa jioni Kastori, yule mwimbaji wa kwaya, anakuja na ngazi, wafukize moshi na kurina. Moshi ule utaua makinda. Sijui nianzie wapi.

Jumamosi, 15 Machi

Naendelea. Nilingoja mpaka dakika ya mwisho, mjinga mimi. Kastori alikuwa ameshapanda ngazi na mwenge wa majani unafuka ndipo nikamwambia ashuke. Nikamwambia baba yote palepale, Kastori akisikia.

Baba hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Alitafuta kiti kwa mkono, akakaa, akauliza, "Ni bundi?" Nikasema ndiyo, baba. "Tangu lini?" Tangu Januari. Akasema, "Waacheni, watoto wao hawana kosa. Lakini mimi sioni, Priska. Wewe ndiye unayeniambia kilicho mbele yangu. Na huo upasuaji unaosema hauumi, je?"

Nikaapa kwamba hauumi. Akatikisa kichwa, akaniambia nimfungie nguo zake. Kesho anapanda kihambani, na hospitali haendi.

Daktari alituonya tusikawie zaidi. Barua hii naituma kwa mkono wa Rachel wa kikundi chetu, anayepanda basi la kuja huko alfajiri, maana simu yako haishiki huko. Omba ruhusa kazini uje kabla ya tarehe 24.

Nisalimie Dafroza, na Davis umwambie shangazi yake anamkumbuka. Mungu awafunike nyote, akulinde njiani.

Njoo umwambie baba wewe kwamba hauumi. Ni kweli hauumi, Godlove, lakini nikisema mimi, inatoka kwenye kinywa kilekile kilichomwambia nyuki wameingia.

Dada yako akupendaye, anayekungoja,
Priska