Programu ya Galaksi ni Yangu

Recho, upo? Usinipigie, nitalia. Soma tu.

Laurean ameniibia kazi. Huyu huyu mchumba wangu!

Ile programu yangu inayopekua yenyewe picha za darubini na kutafuta makundi ya galaksi, ile niliyoihangaikia hapa Tangini tangu nianze masters, leo kaionyesha kwenye mkutano wa mtandaoni mbele ya maprofesa. "Programu niliyoiunda mimi." Mimi! Nami nipo humo humo nasikiliza, mdomo wazi.

Profesa mmoja akamuuliza, "Unajuaje kama ni kundi kweli? Si huenda galaksi moja iko karibu nasi na nyingine iko mbali, ila kwenye picha zinaonekana pamoja?"

Laurean akasema, "Efrazia, msaidizi wangu, atafafanua."

Recho, eti "msaidizi wangu". MSAIDIZI.

Nikawasha maiki. Nikaeleza kwamba programu inalinganisha rangi, maana galaksi nyingi za kundi moja, zikiwa umbali mmoja, hufanana rangi. Kisha nikasema, "Na programu hii nimeiandika mimi. Laurean nilimwonyesha kwa sababu nilimwamini."

Akanipigia hapo hapo. Nikadhani anaomba msamaha. Unajua alichosema?

"Kwani si tunaoana? Chako si ni changu?"

Yaani hata aibu hana!

Nimempigia mama kule Vihingo. Nimemwambia wageni waliokuwa walete posa Jumamosi wasipokelewe. Hakuuliza kitu. Kasema tu, "Njoo nyumbani ule, mwanangu."